Mshono wa Bawa la Kushoto

Karani wa Posta ya Shangani hakutumia mkasi. Aliukunja ukurasa wa stempu mara moja, akaubana kwa vidole viwili, akavuta. Krrr. Stempu ikatoka imenyooka, na kingo zake zina vijino vijino. Akailowesha, akaibandika kwenye bahasha, akaigonga muhuri, kisha akamwashiria Msabah awapishe wenzake.

Msabah hakupisha. Alibaki ameshika ukingo wa dirisha, macho yake kwenye ule ukurasa uliobaki juu ya meza. Mistari ya vitundu vidogo vidogo, vimepangwa karibu karibu, vimenyooka, safi kabisa. Safu ile aliijua. Alikuwa ameitoboa mwenyewe siku ya Jumamosi, kwa sindano, juu ya bawa la ndege.

Bi mkubwa mmoja nyuma yake akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za Posta na jua la kaskazi linampiga utosini. Kijasho chembamba kilimtoka, na si kwa sababu ya jua. Barua aliyoipeleka ilikuwa ya mwanawe, Pandu, aliyekuwa kazini Mombasa, na ndani yake alikuwa amemwandikia kwa mbwembwe zote kwamba mama yake Alkhamisi anapanda ndege kwenda Pemba. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne.

Sasa hapa nisimame kidogo niieleze kazi yake, maana wako watakaosema nawaongopea. Ndege ya Pemba siku zile haikuwa bati. Ilikuwa mbao na kitambaa, na kila upande bawa moja juu na moja chini. Watu wa mjini walikuwa wakiiona inapita juu ya minazi, inanguruma, inang'ara kwa rangi yake ya fedha, wakaapa kuwa ile ni chuma kitupu. Msabah alipowaeleza jirani zake wa Kajificheni kuwa mabawa yale ni kitani kilichovishwa juu ya mbavu za mbao, tena kitani chenyewe hushonwa kwa mkono, walimcheka hata wengine machozi yakawatoka. Fundi wa kanzu, wakasema, kila kitu kwake ni nguo.

Na kweli alikuwa fundi wa kanzu. Miaka kumi na mbili alikaa kwenye baraza moja Mkunazini anadarizi kola na kushona pindo, na mkono wake ulikuwa na jina. Mishono yake ilikuwa midogo kiasi kwamba wateja waliinua nguo kwenye mwanga waitafute. Halafu cherehani zikajaa mjini, kazi ya mkono ikawa haina mwenyewe, na Masoud, msimamizi wa mafundi kwenye uwanja wa ndege wa hapa Unguja, Kisauni, akamwambia kule anatafutwa mtu anayejua sindano. Akamwombea kazi, akasimama dhamana yake.

Masoud huyo huyo ndiye aliyemfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kukivuta kitani juu ya mbavu, jinsi ya kukipaka dawa inayonuka ndizi zilizoiva zikapitiliza, mpaka kikauke na kukazika, ukikipiga ukucha kilie kama ngoma. Juu yake hupakwa rangi ya fedha, koti baada ya koti, kwa sababu adui wa kitani ni jua. Jua hukila kimya kimya. Ukikitazama kizima, ukikibonyeza kwa kidole gumba kinapasuka. Na juu ya kushona mahali palipochanika, Masoud alimpa sharti moja, na mwaka ule wa kwanza alikuwa akimpiga rula ya vidole kila alipolisahau. Mishono minne katika upana wa kidole gumba, basi.

"Hapa hushoni kanzu ya bwana harusi," alimwambia. "Kitambaa hiki kizee. Ukiyaweka matundu karibu karibu hujakishona, umekikata."

Miaka sita Msabah alilishika sharti lile. Mpaka Jumamosi.

Ijumaa ngazi ya mafundi iliteleza ikaliangukia bawa la kushoto la chini, karibu na madirisha ya abiria, ikachana kitani kiasi cha dhiraa. Masoud hakuwepo, alikwenda mazikoni Makunduchi. Jumamosi Msabah alipokuwa ndiyo kwanza anatunga uzi, akaingia bandani Injinia wa Kizungu na wageni wake, mabibi wawili wenye kofia pana na bwana mmoja mwenye kamera. Injinia akawaambia kwamba fundi huyu zamani alikuwa akishona kanzu za harusi. Mabibi wakasogea. Wakainama. Wakamtaka awaonyeshe.

Basi hapo, jamani, kichwa kikamvimba. Si mtu wa majivuno, lakini miaka sita hakuna aliyemtazama akishona. Mkono ukarudi wenyewe Mkunazini. Sindano ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka, tundu kando ya tundu, na wale mabibi wakashusha pumzi kwa raha, na kamera ikapiga. Hakuhesabu. Alipofika mwisho wa dhiraa alikata uzi kwa meno kama zamani, akainua uso, wakampigia makofi. Kisha akabandika utepe juu ya mshono, akapaka dawa, akapaka rangi ya fedha, na kila kitu kikafunikwa.

Jumatatu Masoud aliporudi, alibonyeza kitani hapa na pale kwa kidole gumba, akakigonga kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mshono hakuugusa. Mshono wa Msabah haukuwa jambo la kukaguliwa.

Na sasa, kwenye ngazi za Posta, Msabah alitazama vidole vyake viwili na kusikia tena ile krrr. Utepe utashika, alijiambia. Lakini alijua kuwa utepe ni wa kuzuia upepo na mvua tu, haukuwekwa kubeba mzigo. Dawa itashika. Dawa nayo ilipakwa juu ya kitambaa kilichokwisha kuliwa na jua. Alinyanyuka akaikokota baskeli yake kwa mkono njia nzima mpaka nyumbani, maana aliogopa kuipanda.

Mtaniuliza mbona hakwenda moja kwa moja kwa Masoud akasema. Mie nami ningeuliza hivyo hivyo, nimekaa zangu kwenye kiti. Yeye aliona kitani kile kilichotobolewa hakishoneki tena, na robota limekwisha na jipya liko njiani na meli, halijulikani litafika lini. Ndege ya pili ilikuwa Nairobi inatengenezwa. Kusema maana yake ni kuifunga safari ya Pemba wiki, labda mwezi. Na alimkumbuka Mabrouk, fundi mwenzake, aliyesahau kitambaa cha kufutia ndani ya bawa, akafukuzwa siku ile ile, na sasa anasukuma gari la hamali Malindi, hapa hapa mjini, ukimwamkia anageuza uso. Mabrouk naye alikuwa na mtu aliyemdhamini, na mtu huyo hakusikilizwa tena.

Lakini zaidi ya yote alikuwepo Wanu.

Wanu, mkewe, ni mtu wa Tumbatu, kizazi cha watu wa bahari, na yeye bahari haipandi. Miaka minne nyuma ndugu yake, Jecha, alichukuliwa na mkondo wa Nungwi na chombo chake, na hakikupatikana hata kipande cha mbao. Tangu siku hiyo Wanu hakutia mguu kwenye chombo chochote. Na mamake, Bi Sichana, amehamia Wete, kule Pemba, kwa binti yake mwengine. Bibi huyo mtoto wa jicho alikwishamfunika jicho moja, sasa alikuwa anamwingia la pili, na kila barua kutoka Wete ilisema jambo lile lile: Wanu aje nimwone angali ninaona. Wafanyakazi wa ndege walikuwa wakipewa nafasi moja kwa mwaka ya kumsafirisha mtu wao bure. Mwaka huu zamu ikamfikia Msabah. Wanu alipoambiwa alikaa chini akalia, kisha akainuka akaenda kununua kanga mpya.

Msabah alipoingia nyumbani jioni ile alimkuta amekaa mkekani, mikono mbele, viganja vina hina mbichi. Kikapu cha safari kilikuwa tayari pembeni, kimefungwa kamba. Alimwonyesha kwa kidevu kilichomo: halua, dawa ya kifua, kanga mbili za mama, na mkufu ambao nduguye wa Wete aliuacha miaka ile. Akamuuliza mbona uso umemshuka.

Msabah akaanza kuzunguka. Akasema upepo wa wiki hii si mzuri. Akasema rubani ana homa homa. Akasema pengine angengoja wiki ijayo, au ile nyengine, ndege ipo, haikimbii.

"Macho ya mama yanakimbia," Wanu alisema.

Wanu akamtazama, akacheka kidogo, kicheko cha kumtania. "Unaniogopea mie baba Pandu? Si umelishona wewe hilo bawa? Mie ingekuwa kashona mtu mwengine nsingelala. Lakini kashona mume wangu, basi nnaogopa nini?" Akamuuliza akae upande gani ili alione bawa lenyewe. Alitaka akiwa juu alitazame, aseme pale, pale ndipo ulipopita mkono wa mume wangu.

Msabah alisema upande wa kushoto. Kisha akasema anakwenda kusali, akatoka, na msikitini alisimama mstari wa nyuma na hakujua amesali rakaa ngapi. Usiku wake nauacha. Kila aliyewahi kuogopa anaujua.

Jumatano asubuhi aliifuata njia yake ya siku zote, Mnazi Mmoja, Kilimani, Migombani, na kila penye shimo alishuka akaisukuma baskeli. Palikuwa na jambo jengine ambalo alikuwa amelisukuma nyuma ya kichwa na sasa halikusukumika. Pale Kisauni, kazi kubwa ya bawa ikimalizika, ndege hurushwa mara moja bila abiria, na aliyeshona ndiye anayepanda. Masoud mwenyewe aliianzisha desturi hiyo: mtu ashone akijua kuwa atakalia kazi yake. Miaka yote sita Msabah alitia viraka vidogo vidogo, visivyohitaji majaribio, na alikuwa hajapata kupanda hata siku moja. Dhiraa nzima ilikuwa kazi kubwa.

Alimkuta Masoud anakunywa kahawa mlangoni pa banda. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa. Alikuja na mawazo aliyoyapika njiani. Alimwambia kuwa mkewe hajisikii vizuri, pengine kesho hatakwenda, nafasi yake ifutwe.

"Pole yake," Masoud akasema. "Basi tutampa Bi Hija, yule mkunga wa Wete. Tangu juzi anaisubiri nafasi, yuko na mjukuu wake mchanga."

Msabah alitazama chini. Kwa nini hakuliona hilo njiani? Alidhani akimtoa Wanu kiti kitakaa kitupu, kama kwamba ndege ni kitanda cha nyumbani kwake. Akafungua kinywa aseme, aseme lote hapo hapo, kahawa haijapoa. Injinia akapita, akawagusa mabega, akasema rubani yuko tayari. Na Masoud akanyanyuka, akamshika mkono kwa furaha kama anayempeleka bwana harusi.

Akapanda. Ndani mlinuka petroli na ile dawa ya ndizi. Alikaa kushoto, dirishani, kwenye kiti ambacho kesho angekaa Wanu au yule mkunga na mtoto. Akafunga mkanda, akaushika kwa mikono miwili. Rubani, Mzungu wa makamo, alikuwa mbele peke yake anapiga mluzi. Rafadha zikaanza kuzunguka, ndege nzima ikatetemeka, minazi ikaanza kukimbia kurudi nyuma, na ghafla ardhi ikaacha kugonga. Alisoma Ayatul Kursi akakosea, akarudia, akakosea pale pale.

Alikuwa ameapa hatatazama. Akatazama. Bawa lilikuwa chini ya dirisha, karibu kiasi kwamba angelifikia kwa fimbo, na katikati yake kile kiraka, dhiraa ya rangi ya fedha iliyo mpya kidogo kuliko nyengine. Kiraka kilikuwa kinapumua. Kitani kilijikweza kati ya ubavu na ubavu, kikashuka, kikajikweza. Chini palikuwa na bahari na mnara wa Chumbe, mdogo mweupe, lakini yeye hakuuona mnara, aliona matundu. Kila tundu aliloliweka mbele ya wale mabibi alilikumbuka sasa, na yote yalikuwa yanavutwa.

Akajikaza, akafungua mkanda, akatambaa mpaka dirisha la kulia. Bawa la kulia, lisilo na kiraka, nalo lilikuwa likipumua vile vile. Kumbe ndivyo linavyokuwa. Alirudi kitini, na faraja iliyomjia ilikuwa kubwa, akacheka peke yake kama mwehu. Ndege ikainama ikageuka juu ya mji, akaona mapaa ya Shangani, akayaona majumba yote meupe, na akawaza kwamba labda alijitisha bure, labda stempu ni stempu na bawa ni bawa.

Waliposhuka juu ya Migombani ndipo alipouona ule mstari. Mwembamba, mweusi, pembeni mwa utepe, kiasi cha shubiri. Unywele tu. Asubuhi haukuwepo.

Magurudumu yakagusa, ndege ikakimbia, ikasimama. Rubani akateremka na mluzi wake, akanyanyua kidole gumba. Mafundi wakampigia Msabah makofi, wakamtania kwamba uso umekuwa wa majivu. Masoud alilizunguka bawa, akauona unywele ule, akaupitisha ukucha juu yake.

"Rangi hii imepasuka," alisema. "Ndiyo kawaida yake ikiwa mpya. Ipige brashi, ikikauka tumemaliza. Injinia atatia saini baada ya chakula. Na mwambie mkeo apone upesi, nafasi yake nnamwekea mpaka jioni." Akachukua karatasi zake akaenda zake ofisini, na wenziwe wakatawanyika kwenda kula.

Banda likabaki tupu. Msabah alikuwa peke yake na bawa, kopo la rangi ya fedha na brashi.

Alichovya brashi. Aliileta juu ya ule mstari, na mkono haukutetemeka, mkono wake haujawahi kutetemeka kazini. Pigo moja tu. Pigo moja, na Wanu anakwenda kumwona mama yake, na Masoud anabaki na heshima yake, na yeye anabaki na kazi, na huenda, nani ajuaye, mshono ukashika mwaka mzima. Umeshashika leo. Yeye mwenyewe ni shahidi, ameukalia. Tone la rangi likaanguka sakafuni. Jengine likaanguka juu ya kiatu chake.

Kama si kule kuogopa angepaka. Nasema kweli, si uchaji uliomzuia wala si ushujaa. Aliogopa kesho saa nne asubuhi, amesimama hapa hapa mlangoni anaisikia ndege inaondoka, halafu anangoja kuisikia inarudi. Hofu ya kufukuzwa aliipima na ile, akaona hii ya pili haibebeki.

Akaiweka brashi juu ya kopo. Akatia kitambaa kwenye dawa ya kulainishia, akakilaza juu ya utepe, akangoja. Utepe ukalegea, akaubandua taratibu kuanzia nchani, na mshono ukatoka nje. Wallahi ulikuwa mzuri. Hata sasa, kwa hofu ile yote, aliona kuwa ulikuwa mzuri, kazi ambayo Mkunazini watu wangeitana kuja kuitazama. Alihesabu kwa mara ya kwanza. Kumi na moja katika upana wa kidole gumba.

Akaweka gumba lake kando ya mshono, akabonyeza, si kwa nguvu, kama mtu anavyobonyeza embe kujua kama limeiva.

Krrr.

Ukafunguka kutoka tundu hadi tundu, shubiri nzima, na hakuwa amesukuma. Kidole kikaingia ndani ya bawa mpaka kiganjani, kikagusa ubavu wa mbao. Alikaa sakafuni chini ya bawa akalia, na hofu aliyolia nayo ilikuwa ya saa nzima iliyopita, ya pale juu ya Chumbe alipokuwa anacheka. Alipomaliza kulia alitoa wembe, akaukata mshono wote pande zote mbili, dhiraa nzima, ili pasibaki kitu cha kubandikiwa utepe na mtu yeyote, yeye akiwemo. Bawa likabaki wazi, mbavu nje.

Masoud aliporudi alilikuta hivyo. Alitazama tundu, akamtazama Msabah, akatazama ule ukanda wa kitani mkononi mwake. Aliupokea. Akaubonyeza mwenyewe, kidogo, akaisikia ile sauti, akauachia haraka.

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

Masoud alikaa juu ya sanduku la vyombo akashika kichwa. Kunguru wa kwenye paa walikuwa wakiparuza bati kwa kucha. Hakutukana. Msabah angependa atukane. Mwisho Masoud alimuuliza kama alijua kabla ya kupanda. Msabah akasema alijua tangu jana.

"Ulijua, ukapanda," Masoud alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kukielewa kitu. "Na yule rubani naye umempandisha, na yeye hajui."

Hilo Msabah hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameogopa vitu vingi tangu jana, na yule mtu mwenye mluzi hakumtia hesabuni hata mara moja.

"Nenda nyumbani," Masoud alimwambia. "Kesho uje, au usije, sijui. Ntajua nikitoka mle ndani." Akanyanyuka, akafunga vifungo vya shati lake mpaka cha shingoni, akaelekea mlango wa Injinia. Alipofika alisimama mbele yake muda kidogo kabla ya kubisha.

Alasiri ilikuwa imeingia Msabah alipofika Kajificheni. Wanu alikuwa barazani ndani, hina imekolea, nyekundu ya kuiva, kikapu miguuni. Alikuwa amevaa kanga mpya kuijaribu. Alimwona mumewe na rangi ya fedha kwenye kiatu, akakisogeza kikapu kando kabla hajaambiwa kitu.

"Safari ya kesho hakuna," Msabah alisema.

"Ndege imeharibika?"

"Nimeiharibu mie."

Akamweleza. Alimweleza yote, mabibi wenye kofia, makofi, Posta, unywele juu ya utepe, na hakujipunguzia hata kidogo. Alisema pia huenda kazi imekwisha, na nafasi ya mwaka huu imekwenda, na ya mwakani huenda isiwepo. Wanu alisikiliza, macho chini. Msabah alipomaliza hakuamini kwamba mkewe ameelewa, basi akatoa mfukoni kipande cha ule mshono akampa.

Wanu alikigeuza kwenye mwanga. "Mzuri," alisema pole pole. Alipitisha kidole juu ya ile mishono, jinsi wateja wa zamani walivyokuwa wakifanya. Kisha akakishika pande mbili, kwa vidole viwili viwili, akavuta kidogo. Krrr. Akashtuka, akasimamisha mikono. Msabah alidhani ataacha. Lakini alivuta tena, taratibu, tundu baada ya tundu, mpaka mwisho wa kitambaa, na vipande viwili vikabaki mikononi mwake.

Nje mwuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akaenda zake, akapotelea upande wa Mkunazini.

"Meli ya Pemba," Wanu aliuliza, "inaondoka siku gani?"

Msabah alimtazama. Akamwambia Jumamosi, alfajiri.

Wanu aliviweka vile vipande viwili juu ya mkeka, akakivuta kikapu karibu na miguu yake, akalikagua fundo la kamba. Akalifungua. Akaizungusha kamba mara ya pili na mara ya tatu, akaikaza kwa goti, jinsi watu wa kwao Tumbatu wanavyofunga mzigo wanaojua utarushwarushwa na mawimbi.